Kanuni za Kuwa Watu Wake

Kosa langu la mwanzo, kabla ya mengine yote, lilikuwa kuwaandikia watu kanuni. Niliziandika kwa Kiswahili safi, nikazirudia kwa Kiingereza, nikazipanga kwa nafasi nzuri kati ya mistari, nikazituma kwenye kundi la WhatsApp ambalo rafiki yangu alilifungua ili kukusanya watu wa kumsindikiza kwa wakwe zake. Nilidhani ninamsaidia. Kumbe nilikuwa nawafukuza watu wake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliponipungia mkono wa kwaheri alifanya hivyo kwa kunitumia alama ya kidole gumba.

Kazi yangu ni kupanga kurasa. Niko Wandegeya, hapa Kampala, kwenye duka la uchapaji lililobanwa kati ya mama anayeuza chapati na jamaa anayetengeneza simu, na wateja wangu ni wanafunzi wa chuo wanaoleta tasnifu zao zikiwa zimevurugika. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa kurudia kazi ambazo hakuna aliyeniambia nizirudie. Pambizo isipokuwa sawa pande zote mbili silali vizuri. Nayasema haya ili msomaji ajue mtu anayezungumza naye ni wa aina gani.

Ukurasa ninaoufahamu kuliko yote ni ule wa shukrani. Mwanafunzi humshukuru Mungu, halafu wazazi, halafu msimamizi ambaye wiki nzima amekuwa akimtukana mbele yangu, halafu marafiki. Hapo kwenye marafiki ndipo mambo yanapochekesha. Nimewaona wakisimama nyuma ya kiti changu wakinong'onezana. "Huyo mtoe. Tangu nihame hosteli hajanipigia." Ninamtoa. Kesho yake mwenye tasnifu anarudi: "Mrudishe, tumeongea." Ninamrudisha. Nimeufuta urafiki wa watu kwa kitufe kimoja na kuurudisha kwa kingine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kuniweka mimi pale, ingawa ndimi niliyekaa na orodha yake ya yaliyomo mpaka namba za kurasa zikakubaliana na kurasa zenyewe.

Kwa hiyo niliwadharau. Ningeweza kutafuta neno laini zaidi, lakini hilo ndilo neno lenyewe. Niliidharau namna watu wa Kampala wanavyopatana na wanavyoendelea kuwa pamoja. Mtu ambaye hajawahi kukutafuta anakutana nawe barabarani, anaushika mkono wako hauachii, na anakulaumu: umepotea sana. Umepotea kwa nani? Anakuahidi kwamba mtaonana, na nyote wawili mnajua hamtaonana. Mwingine anakupigia simu asubuhi, unaacha kazi unapokea, unamwuliza kuna nini, anajibu hakuna kitu, nimekupigia tu kukusalimia. Kisha kimya, mnasikilizana pumzi, kila mmoja akimngoja mwenzake aage. Mimi nilikuwa nikiziona simu hizo zikiita na kuziacha ziite.

Dharau hiyo sikuianzia Wandegeya. Nimekulia kambi ya polisi, katika nyumba za mabati ambamo jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka. Baba ni Mwislamu wa West Nile, mama Mkatoliki wa Gulu, na maana yake kwetu ilikuwa kwamba watu walitujaa Idi na wakatujaa tena Krismasi. Waliingia bila kubisha. Walikaa. Hawakuwa na la kusema. Walikunywa chai yetu, wakatazama ukuta, wakasema "basi," wakakaa tena. Nilikuwa nasomea chini ya meza kwa sababu juu ya meza palikuwa na viwiko vya watu. Mama aliponiona nimenuna alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha kambini, "Sasa wewe nakasirika nini? Watu nakuja kukuona." Hawakuja kuniona mimi. Walikuja kukaa.

Rafiki yangu nilimpata kwa sababu ya lugha. Ni Mkenya, mtu wa kutoka Kakamega, anasambaza karatasi na wino kwa maduka ya uchapaji. Siku ya kwanza alinikuta naigombeza printa kwa Kiswahili. Katika mji huu Kiswahili ni lugha ya askari, na ukikisema hadharani watu hukutazama mgongoni kama una bunduki. Yeye alitua katoni la karatasi chini.

"Wewe ni afande?" aliniuliza.

"Mtoto wa afande."

"Basi hapa niko nyumbani," akasema, na akalikalia katoni lake mwenyewe kama kiti.

Tangu siku hiyo kila alipoleta karatasi alikaa. Kwa mtu mwingine ningechukia. Kwake sikuchukia, na sikujiuliza kwa nini. Nilimwona kama mtu pekee aliyekuwa ametengenezwa vizuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni watu wengine. Alikuwa na watu wengi mno. Kila asubuhi akiwa njiani kutoka Kisugu alipokuwa akiishi, aliwapigia watu simu za salamu, mmoja baada ya mwingine, kama askari anayekagua malindo. Mara nyingine alifika dukani hajamaliza, nikamsikia: "Aah, hakuna kitu, mzee. Nimekuamkia tu." Nilimngoja amalize nikiwa nimekunja uso. Mimi pia alikuwa akinipigia. Kwa sababu ni yeye, nilikuwa nikipokea baada ya kuiacha iite kidogo.

Alinialika kwake mara nyingi. Nilisema nina kazi. Ilikuwa kweli, daima nilikuwa na kazi.

Halafu akapata mchumba, Muganda, mwalimu wa shule ya watoto wadogo. Mambo yalipofika mbali, baba wa binti akamwita. Kwa Waganda mwanamume haoi bila kwanjula, yaani siku ya kwenda rasmi kwa wazazi wa binti akiwa na ndugu zake na vikapu vya zawadi, ahojiwe, atambulishwe, akubaliwe. Kwa Mkenya aliye peke yake Kampala hilo ni gumu, na rafiki yangu alijaribu kumweleza mzee kwamba ndugu zake wako mbali. Mzee alimjibu maneno ambayo rafiki yangu alikuja kunirudia dukani, akiwa amekalia katoni.

"Ameniambia, 'Sitazami vikapu. Nataka kuona watu. Ukija peke yako, siku utakayomtesa binti yangu nitakushtaki kwa nani?'"

"Anaogopa utamtesa?"

"Haogopi. Anauliza tu nitashtakiwa kwa nani. Asipoona watu harusi hakuna. Amesema wazi."

Nilisema ni upuuzi. Watu wenyewe kila mtu anajua wanaokotwa. Nusu ya wajomba wanaoonekana kwenye kwanjula za mji huu wamemjua bwana harusi kwa wiki mbili. Rafiki yangu hakubishana. Aliniambia kwamba kaka yake mmoja yuko Uarabuni kwa kazi na mwingine hawasemezani. "Kwa hiyo wewe utasimama kama mdogo wangu," akasema. "Kaka wa bwana harusi anakaa mbele."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo kama hilo bila kutaka nimpangie kurasa. Nilienda chooni nikakaa huko mpaka uso wangu ukatulia.

Na kwa kuwa nilimpenda, niliamua jambo lake liwe bila kasoro. Mazoezi ya kwanjula yalifanyika Jumapili alasiri kwenye uwanja wa kanisa, Kisugu, hatua chache kutoka geti la nyumba aliyopanga. Ndipo nilipowaona watu wake wote mahali pamoja. Walichelewa. Walisalimiana kwa muda mrefu kuliko mazoezi yenyewe. Mmoja alikuja na mtoto, mwingine na mfuko wa nyanya. Mbaya kuliko wote alikuwa jamaa mmoja anayeuza kava za simu sokoni Nakivubo, mwenye miwani ya jua aliyoivaa juu ya nywele hata mvua iliponyesha. Alimwita kila mtu mukwano, neno la Kiganda la kumwita mpendwa, na alikuwa akilitumia kwa watu wote kama anayegawa vipeperushi. Aliponiona alinyoosha mikono.

"Wewe ndio ule wa kompyuta?"

"Ndiyo."

"Eh, mukwano. Umepotea sana."

Hatukuwa tumewahi kuonana maishani.

Siku iliyofuata, nikiwa kazini, niliandika kanuni. Kanzu iwe nyeupe, isiwe ya rangi ya maziwa, na ipigwe pasi. Viatu vya kufunika. Atakayechelewa ataachwa. Asiyehudhuria mazoezi asije. Hakuna kushika simu mbele ya wakwe. Hakuna kufunga chakula cha wakwe kwenye mifuko. Hadi hapo labda wangenisamehe. Lakini niliongeza ya mwisho, na niliiona ndiyo nzuri kuliko zote: kila mmoja aandike katika kundi, kwa sentensi moja, amemjua bwana harusi tangu lini na kwa njia gani, ili tuwatenge watu wake wa kweli na watu wa kuungaunga.

Nilikuwa nimeandika hivyo hivyo. Watu wa kuungaunga.

Vidole gumba vikaanza kumiminika. Niliviona nikafurahi. Msomaji wa hapa anajua nisichokijua wakati ule, au nilichokijua nikakidharau: katika mji huu hakuna anayekukatalia. Mtu anakubali, anakushukuru, kisha unapomhitaji simu yake haipatikani. Walioandika sentensi walikuwa wachache. Muuza kava aliandika hivi: "Mimi najua yeye tu." Nilimjibu kwamba hiyo haielezi lini wala kwa njia gani. Akarudia yaleyale: "Mimi najua yeye tu." Nikamtoa kwenye kundi.

Rafiki yangu alinipigia.

"Zile kanuni," akasema. "Sawa. Lakini usitume nyingine."

"Kuna makosa ya uandishi?"

"Hapana. Zimeandikwa vizuri sana."

Niliishika hiyo sehemu ya mwisho, nyingine nikaiacha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulipanga kukutana asubuhi kituo cha mafuta kilicho karibu na Kisugu, tupande basi dogo tulilokodi, twende upande wa Gayaza kwa wazazi wa binti. Nilikuwa wa kwanza kufika. Kanzu yangu ilikuwa nyeupe kama karatasi na mkononi nilikuwa na ratiba nilizozichapa mwenyewe, nakala ya kila mtu.

Walikuja mjomba wa rafiki yangu na mkewe, waliosafiri kwa basi kutoka Kenya na bado walikuwa na usingizi machoni. Walikuja wanawake wa kanisani kwake na vikapu, wamevaa gomesi, gauni refu la sherehe la Kiganda. Alikuja msemaji, Muganda mnene tuliyemkodi ili atuongelee kwa wakwe, kwa sababu ndiyo desturi na kwa sababu Kiganda cha rafiki yangu kinaishia sokoni. Kisha hakuja mtu. Wanaume hawakuwapo. Tulisimama kando ya pampu, mimi, bwana harusi, mjomba mmoja na basi tupu.

Msemaji alitazama saa, akanigeukia, akaniita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, wengine wako wapi?"

"Watakuja. Walithibitisha."

"Walithibitisha vipi?"

Nikamwonyesha vidole gumba kwenye simu. Alivitazama kwa muda, akanirudishia simu kwa upole ambao sitausahau.

Rafiki yangu alikuwa ameanza kupiga. Nilimsikia akipokea majibu. Mmoja alikuwa na mgonjwa. Mwingine gari limemharibikia, na najua hana gari. Mwingine alisema kale, yaani sawa, naja, akiwa mahali ambapo kuku walisikika wazi na mtoto akilia, wala hapakuwa na dalili ya mtu anayekuja. Hakuna aliyetaja kanuni zangu. Walikuwa na adabu, na kwa adabu hiyo walikuwa wakimwangamiza. Wakwe wangefunga geti mchana. Mzee alikuwa amesema wazi: asipoona watu, harusi hakuna. Rafiki yangu alinitazama mara moja tu. Kisha akapiga namba nyingine, akageuka pembeni.

"Wewe uko wapi?" nilimsikia akisema. "Nakuhitaji. Ndiyo. Sasa hivi. Na wengine."

Muuza kava alifika kwa pikipiki akifuatwa na pikipiki nyingine nyingi, kama msafara wa mgombea. Kila moja ilibeba mwanamume mmoja au wawili kutoka Nakivubo: wauza chaja, wapiga debe, jamaa mmoja wa mitumba, fundi viatu. Walikuwa wameazima kanzu kwa Waislamu wa sokoni na kwa duka la kukodisha nguo za harusi. Kanzu nyingine zilikuwa za rangi ya maziwa. Nyingine zilikuwa fupi, zikaonyesha jeans. Mmoja alivaa ndala. Miwani ya jua ilikuwa pale pale juu ya nywele.

"Nimekuja na ndugu," akasema. Akaniona. "Ahaa, mkubwa wa kanuni. Andika basi. Hawa wote najua yeye tu."

Walicheka. Nilizigawa ratiba. Wakazipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, na mmoja akaifanya yake kofia ya kuzuia jua. Ndani ya basi waliuliza kama kutakuwa na nyama au kuku peke yake. Kijana aliyekaa nyuma yangu aliniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa, bwana harusi ni yupi. Nilimwonyesha. "Anaonekana mzuri," akasema. Nilifumba macho. Hao ndio watu ambao mzee angewashtakia. Angewapata wapi? Jumatatu wangekuwa wamerudi kupiga debe.

Tulipangwa mistari miwili nje ya geti, wanawake mbele, na dada zake binti wakatupitisha wakitubandika riboni kifuani. Chini ya hema waliketi wenyeji upande mmoja, sisi upande wa pili, na katikati nafasi wazi ya kudhalilishwa. Msemaji wao alikuwa mkali kuliko wetu. Alizungumza Kiganda, ambacho nakielewa vizuri.

"Tulisikia Kiswahili getini," alisema, "nikawaambia akina mama wafiche kuku. Nikadhani jeshi limekuja. Mmekuja kuoa, au mna operesheni?"

Wenyeji wakacheka. Hata wetu walicheka. Mjomba aliyetoka Kenya aliuliza wanacheka nini, mkewe akamwambia acheke tu. Nami nilikaa wima kwenye kiti cha mbele, kiti cha kaka, nikiwa nimekariri kila kitu: jina la kijiji, la babu, kanisa alilobatizwa, shule, kazi. Maswali yote nilikuwa nimeyaandalia jibu.

"Kaka wa huyu kijana asimame," akasema msemaji wao.

Nilisimama. Alinizunguka kidogo kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Tuambie wewe uliyekua naye. Huyu ndugu yako akikasirika anafanya nini? Tusije tukampa binti yetu mtu tusiyemjua."

Nilipekua kumbukumbu zangu. Nilimjua alivyokaa juu ya katoni, nilijua anakunywa chai bila sukari, nilijua namna anavyotamka jina langu. Sikuwa nimewahi kumwona na hasira. Nilikuwa nimemwona dukani na mazoezini tu, mahali ambapo alikuja akiwa tayari amefurahi.

"Hakasiriki," nikasema.

Hema zima likaguna. Msemaji akawageukia wake. "Mmesikia? Basi huyu si kaka. Kaka gani hajawahi kukasirikiwa na kaka yake? Huyu wamemwokota njiani. Mtoeni nje mtuletee ndugu wa kweli."

Ilikuwa mzaha, ndiyo kazi yake. Lakini mzee, baba wa binti, hakucheka. Aliweka kikombe chake chini, akawatazama watu wetu, kanzu moja baada ya nyingine, akifika kwenye zile ndala. Nilimwona anahesabu moyoni. Rafiki yangu, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema hata neno, aliinamisha kichwa.

Nyuma yangu kiti kikalia.

"Msameheni huyo," ilisema sauti ya muuza kava, kwa Kiganda cha sokoni. "Huyo ni mdogo, alikuwa shule. Mimi ndio mkubwa. Nimelala kwa huyu kijana siku nyingi, wakati mke wangu alikuwa amenifukuza, na alikuwa na haki. Nitawaambia. Huyu akikasirika anafua."

"Anafua?"

"Anafua, ssebo. Haongei, hapigi. Anafua nguo zake. Zikiisha anafua zangu. Zangu zikiisha anapanda juu ya kiti anashusha mapazia. Asubuhi mukiona madirisha ya Kisugu hayana mapazia, mupite pole pole."

Kwa wenyeji, upande wa wanawake, kukalipuka kicheko cha aina nyingine, cha watu wanaojua. Shangazi wa binti, yule mwenye kazi ya kumtoa bwana harusi kati ya watu wake, alipiga kofi gotini. "Ni kweli," alisema. "Ni kweli kabisa. Walipogombana mwezi ule binti yetu alirudi kutoka kazini akakuta hata mashuka ya mwenzake wa chumba yamefuliwa." Binti mwenyewe alijificha uso. Na mzee akacheka. Alicheka mpaka akaukamata mkono wa aliyekaa naye, kisha akasema, bila kumwelekea mtu yeyote, "Sasa naona watu."

Yaliyobaki yalikwenda yenyewe. Shangazi alimchukua rafiki yangu, vikapu vikapokewa, chakula kikaja. Watu wa Nakivubo walikula kwa juhudi na walifunga nyama kwenye mifuko waliyokuja nayo tayari mfukoni. Muuza kava alikuwa wa kwanza kufunga. Hakuwa amefanya wema, kwa maoni yangu. Alikuwa amepita mahali penye chakula. Lakini alikuwa amelala kwenye sakafu ya rafiki yangu, mimi sikuwa nimevuka hata geti lake.

Siku zilizofuata simu ya asubuhi haikuita. Mwanzoni nilijiambia ana shughuli. Karatasi zikaletwa na mtu mwingine, aliyezishusha akaondoka bila kuzikalia. Nilijua anaendelea kuwapigia wengine, kwa sababu mama wa chapati alikuwa akipigiwa, nikamsikia akicheka. Niliandika ujumbe wa kuomba radhi. Niliusahihisha. Niliona neno moja limejirudia, nikaliondoa, sentensi ikalegea, nikaianza upya. Ujumbe ule ulifikia kuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na sikuutuma, kwa sababu hatimaye niliusoma nikaona ni kanuni nyingine.

Nikaenda Kisugu, Jumapili, mchana. Geti lilikuwa wazi. Nilijua chumba chake bila kuelekezwa, maana madirisha yake yalikuwa matupu.

Alikuwa uani, ameinamia beseni, mikono imejaa povu. Aliniona, akaendelea kusugua.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Kuna kazi?"

"Hapana. Nimepita tu."

Niliisikia sauti yangu ikiyatamka maneno hayo na nilijionea aibu. Alilitoa pazia kwenye maji, zito, la rangi ya kahawia, akanirushia ncha moja. "Shika huko. Zungusha upande wako." Nilizungusha. Maji yakamwagika kwenye viatu vyangu vya kufunika.

"Una hasira na mimi," nikasema.

"Yule mzee anayekaa nyumba ya pili," akasema, akikaza upande wake. "Nilipofika mji huu sina mtu, yeye alinipa godoro. Hakuniuliza natoka wapi. Wewe ulimwambia aandike sentensi anijue tangu lini."

"Sikujua ni yeye."

"Ulimwambia watu wa kuungaunga."

"Alijibu nini?"

"Alituma kidole gumba. Mpaka leo hashiki simu yangu. Nikipita anaingia ndani." Tulizungusha tena. Nilitaka kusema mambo mengi na yote nilikuwa nimeyaandaa. "Leo jioni nakwenda kwake," akasema. "Utakuja."

"Niseme nini?"

"Usiseme kitu. Ukianza kusema nitakutoa nje."

Tukaanika mapazia, tukangoja jua lishuke kidogo, tukaenda. Mzee alitufungulia bila salamu. Tulikaa kwenye kochi lake lililofunikwa vitambaa, tukatazama mpira ambao hakuna aliyeujali. Binti yake akaleta chai. Kulikuwa na saa ukutani isiyotembea na nilitamani kuiweka sawa. Nilishika mikono yangu. Baada ya muda mrefu mzee alisema mwamuzi ni mjinga, rafiki yangu akasema ni mjinga sana, na mzee akanigeukia, akanitazama kuanzia viatu vilivyolowa hadi juu.

"Huyu ndiye wa sentensi?"

"Ndiye," akasema rafiki yangu.

"Mpe sukari," mzee akamwambia binti yake. "Amekonda."

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Tulipotoka niliuliza kama ametusamehe. Rafiki yangu alisema hajui, tutarudi Jumapili nyingine.

Waliooana sasa wanaishi Kisugu, chumba kilekile na kingine kilichoongezwa. Watu wa mji huu sijaanza kuwaheshimu. Bado wanashika mkono wako hawauachii, bado wanaahidi wasichokusudia, na muuza kava bado anavaa miwani juu ya nywele na bado simpendi. Ila sijaandika tena kanuni za mtu. Simu ya asubuhi napokea mara ya kwanza inapoita. Jumapili naenda Kisugu bila kualikwa, tunapita kwa yule mzee wa nyumba ya pili, nakaa.